Mpishi Aliyekatazwa Kugusa Sufuria

Juzi alinijia kijana mmoja, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, akaniambia amemaliza chuo cha hoteli na sasa ni mtaalamu wa wageni. Nikamuuliza, "Haya mtaalamu, nikikupa samaki mbasa mzima sasa hivi, unaanzia wapi?" Akacheka. "Babu, hayo ni mambo ya jikoni. Mimi nipo upande wa huduma." Upande wa huduma! Kumbe mgeni ana pande mbili, upande mmoja unakula, upande wa pili unahudumiwa. Nikamwambia aketi nimweleze mawili matatu. Hakuketi, alikuwa na haraka ya kwenda kuhudumia. Basi niliyotaka kumwambia yeye nawaambia ninyi wenzake, mnaojazana kwenye nyumba za wageni kuanzia Mbamba Bay mpaka Lituhi na vitambulisho vinaning'inia shingoni. Mkitaka sikilizeni, msipotaka shauri yenu.

Mbasa unaanzia kwenye mashavu. Funua, tazama ndani kama ni pekundu, kisha nusa. Jicho la samaki linaweza kukudanganya, shavu haliwezi. Hilo nimewapa bure.

Mimi ni mpishi. Sisemi nilikuwa, nasema ni. Nimepika kwenye meli ya ziwa hili tangu ujana wangu, jikoni mwembamba kiasi kwamba ukigeuka na sufuria lazima umwombe mwenzako atoke nje. Sufuria tulizifunga kwa mnyororo ili ziwa likichafuka zisije zikakurukia. Aliyenifundisha ni mpishi mkuu, Mzee Amosi, Mnyasa mfupi mwenye mdomo mrefu kuliko yeye. Siku zangu za mwanzo taa ya chemli ilinidondoshea mafuta kwenye sufuria ya wali. Tone tu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikakoroga, nikaongeza iliki, nikajitia hamnazo. Nani atajua? Mzee Amosi alijua akiwa bado mlangoni. Hakunipiga. Alinivua aproni, akanisukuma mpaka kwa abiria, akina mama wamekaa na kuku zao na magunia ya usipa, dagaa wa ziwa letu, akasema, "Haya, waambie."

Nikasema, "Wali una mafuta ya taa. Ni mimi."

Walinizomea kutoka Liuli mpaka Mbamba Bay. Mwaka mzima bandarini nikaitwa Chemli. Nilipoenda kumlilia Mzee Amosi aliniambia, "Ukishajua kasoro ya chakula, ulimi wako si wako tena. Ni wa yule anayetaka kula." Nikaona ananionea tu. Nilikuwa mjinga, na mjinga wa meli ni mjinga anayesafiri, ujinga wake unafika mbali.

Baadaye zikaja zama za ruksa. Kuleta mitumba ruksa, kufungua duka ruksa, kununua kahawa ya mwenzako ruksa. Madukani yakaonekana mafuta ya kupikia ya kila rangi, na sabuni zenye harufu mpaka mtu unatamani kuzila. Sisi wa meli tukaambiwa tumezidi. Barua yangu ilikuwa na mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa kunishukuru. Nikashuka bandarini na begi langu na kisu changu, nikasimama pale nikiwa mpishi wa hewa.

Ndipo nikakutana na Tajiri. Jina lake nalihifadhi, watoto wake ni watu wazima. Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mmoja wa wale wa mwanzo kununua kahawa walipokubaliwa watu binafsi. Wamatengo nawaheshimu kwa kulima. Mtu anayechimba mashimo ya ngoro kwenye mlima uliosimama wima, akavuna mahindi pasipo udongo kuteremka, huyo ni mkulima hasa. Lakini ziwa hawalijui, na huyu wetu halijui kuliko wote. Kunawa uso tu ufukweni alikuwa anamshika mtu mkono.

Huyo ndiye aliyenunua nyumba ya mawe ya zamani inayotazama bandari ya Liuli, ile waliyoijenga Wajerumani. Akaipaka chokaa, akaweka vyandarua, akaweka sufuria na sahani, na mimi akaniita. Nikavaa shati safi. Nikanoa kisu. Nikafikiri, Mungu hamtupi mpishi.

"Mzee, wewe utakuwa mwangalizi," akaniambia. "Utafagia, utateka maji, utaleta kuni. Wageni watajipikia wenyewe."

Nikacheka kwa adabu, nikidhani ni utani wa Wamatengo. "Watajipikia? Mgeni?"

"Ndiyo mtindo wa kisasa. Mimi nilipopelekwa Ulaya kwa mambo ya kahawa nililala kwenye nyumba ya namna hiyo. Unapewa ufunguo, unapewa jiko, basi."

"Na wewe ulijipikia, Tajiri?"

Akakohoa. "Mimi nilikula mkate, siku zote nne."

Siku nne, mkate! Na hayo ndiyo maarifa aliyotuletea kutoka ng'ambo. Huku kwetu hata adui yako akibisha hodi wakati wa kula, unamsogezea kigoda. Wageni wa kwanza walipoonekana wanapuliza moto wenyewe, akina mama wa jirani walishikwa na aibu kijiji kizima. Wakaanza kuja na vyakula wamefunika kwa sahani, ugali, usipa, kisamvu. Tajiri akawafukuza, eti wanaharibu mtindo. Akapigilia kibao juu ya mlango wa jiko: MGENI ANAJIPIKIA MWENYEWE. MTUMISHI HARUHUSIWI KUGUSA SUFURIA. Akanigeukia. "Siku nikisikia umegusa, unahama siku hiyohiyo."

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka palepale nikamwachia kibao chake. Nilikuwa na sababu moja, na jina lake ni Tamari, mke wangu. Moyo wake ulikuwa umetanuka. Kila wiki alitakiwa hospitali, apimwe, apewe dawa, na wiki nyingine alazwe. Kwetu ni ndani huko Lundo, njia ambayo mzima anatembea kwa shida, Tamari asingefika hata nusu yake. Kazi ya Tajiri ilikuwa na chumba uani, na kutoka uani mpaka hospitali ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa. Tukikosa chumba kile tunarudi Lundo, na kurudi Lundo ni kumrudisha Tamari akafe. Ndiyo maana nikameza. Mpishi mzima nikawa mfagiaji wa nyumba ambayo ndani yake watu wanaunguza.

Na waliunguza! Nimeona mambo. Nimemwona Mzungu anapasua usipa mmoja mmoja kwa wembe, anatoa utumbo wa kila mmoja, tangu asubuhi mpaka jua linasogea, akapata kijiko kimoja. Usipa haupasuliwi, jamani, unautikisa kwenye ungo, unautupa kwenye chuma cha moto, basi. Nimemwona ofisa anasonga ugali kwa kumwaga unga wote kwenye maji ya baridi, kisha analaumu kuni zangu. Nimewaona wanafunzi wa chuo wanachemsha tambi kwenye birika ya chai. Mimi nipo dirishani na ufagio, mikono inaniwasha. Mara mbili tatu niliiba, sikatai, mgeni akienda kutazama jiwe la Pomonda mimi naingia, nageuza samaki, natia chumvi, natoka. Akirudi anajisifu mbele ya mkewe kuwa ana kipaji. Weee! Kipaji changu hicho!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam na mke wake. Yeye alijitambulisha kuwa ni meneja, hakusema meneja wa nini, basi na sisi tukamwita Meneja. Mke wake aliitwa Joyce, binti mpole, mwenye kuamkia. Kila asubuhi, "Shikamoo baba, shikamoo mama, mama ameamkaje na moyo?" Alikuwa anakaa uani na Tamari wakichambua maharage pamoja. Meneja yeye shikamoo ilimkwama kooni tangu stendi. Siku ya kwanza tu aliunguza samaki, nikasema taratibu kutoka dirishani, "Bwana, punguza kuni moja." Akanigeukia. "Mzee, unajua kusoma?"

"Najua."

"Soma pale juu."

Nikasimama mbele ya mlango nikasoma kibao kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu, kama mtoto wa darasa la pili. Alipomaliza kucheka akasema, "Nikikuhitaji nitakuita." Tamari alisikia yote kutoka uani. Aliniambia, "Mwache, ni utoto." Sikumwacha. Nilimweka moyoni nikafunga mlango.

Siku ya tatu yake, asubuhi, Mama Yohana alipita na tenga la mihogo kichwani. Huyu ni jirani yetu, shamba lake liko ng'ambo ya kijito, na shamba zima ni mihogo michungu. Huku tunaipanda makusudi, maana nguruwe pori na nyani hawaigusi. Nyani ana akili. Unaivuna, unaimenya, unailoweka siku tatu, nne, mpaka inalainika na kunuka, halafu unaianika na kuitwanga unga. Hapo ni chakula kizuri. Ukiichemsha mibichi ni sumu. Mama Yohana alikuwa anaipeleka kuloweka. Joyce akamwita kutoka barazani, "Mama, unaniuzia kidogo?" Akamuuzia. Hakumwambia neno, na simlaumu. Kumwambia mwanamke mzima aloweke mihogo, kwa hapa kwetu, ni kama kumwambia amenye ndizi kabla ya kula. Alidhani tu Joyce ana beseni la kuilowekea.

Mimi nilikuwa nafagia hatua sita kutoka pale. Niliiona ikitoka kwenye tenga. Niliiona ikiingia jikoni. Dakika chache baadaye nikasikia kisu kinamenya, kisha nikasikia kuni zinachochewa.

Nilisogea. Nawaambia ukweli, nilisogea mpaka kwenye ngazi. "Bwana, samahani, ile mihogo..."

Meneja alikuwa amekaa na bia yake kabla jua halijapanda. Hakunitazama hata usoni. "Mzee. Nimekuita?"

"Hukuniita."

"Basi."

Nikasema, "Haya bwana." Nikarudi kwenye ufagio wangu.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilinyamaza kwa ajili ya Tamari, kwamba nilikiogopa kibao. Uongo mtupu. Kibao kilisema nisiguse sufuria, hakikusema nisifungue mdomo. Ningeweza kupiga kelele kutoka barabarani, ningeweza kumtuma Mama Yohana, ningeweza kumnong'oneza Joyce mwenyewe aliyekuwa ananiita baba. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka waile. Kidogo tu, nilijiambia. Meneja aharishe siku moja, aje ameshika tumbo, aseme, "Mzee, nisaidie." Nilimngoja aniite. Nilifagia uwanja uleule mara ya pili, nikinusa mihogo inavyoiva, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi.

Kumbe Meneja hali mihogo. Alikula nyama ya kopo. Mihogo aliila Joyce peke yake, na nyanya na pilipili nyingi, uchungu akadhani ni pilipili. Alimwambia Tamari baadaye kwamba ilimkumbusha kwao.

Haikupita muda mrefu. "Mzee! Mzee, njoo! Mzee!" Basi, nikawa nimeitwa. Nilipoingia, Joyce alikuwa sakafuni anatapika, anashika kichwa, midomo imebadilika rangi na pumzi inakatika. Nilipiga ukunga, wavuvi wakaja mbio kutoka ufukweni, tukamlaza kwenye kitanda cha kamba tukakimbia naye hospitali. Mimi nilishika mguu wa mbele wa kitanda. Nilikimbia siku ile kuliko ujana wangu wote. Daktari akauliza, "Amekula nini?" Meneja akasema hajui, mihogo tu ya kawaida. Nikasema, "Ni michungu, haikulowekwa." Daktari akaniangalia. "Kumbe kuna mtu alijua?" Meneja akajibu kabla yangu, "Hatukujua, daktari, sisi ni wageni hapa." Na mimi nikanyamaza mara ya pili. Huko hakukuwa na kibao cha kusingizia.

Walimwosha tumbo, wakamtundikia maji, wakahangaika naye mpaka jioni. Akapona. Siku alipotoka alinishika mikono yote miwili, Meneja amesimama nyuma yake ameinamisha kichwa, akasema, "Baba, usingekuwepo ningekufa. Mungu akuzidishie." Nikaitikia amina. Jamani, nimewahi kula matusi ya kila namna melini, kwa Kinyasa, kwa Kingoni, kwa Kiswahili cha bandarini. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama shukrani ile.

Tajiri akateremka kutoka Mbinga na Land Rover yake, anafikiri ataambiwa mgeni amekufia nyumbani kwake. Swali lake la kwanza halikuwa hali ya mgonjwa. "Uligusa sufuria?"

"Sikugusa."

"Una hakika?"

"Sikugusa, Tajiri."

Akashusha pumzi, akanipiga piga begani. "Wewe ni mtumishi wa kweli. Ungegusa, lawama zote zingekuwa zangu. Chumba kile ni chako na mama mpaka mtakapochoka wenyewe." Akaingia kwenye gari anapiga mluzi. Hivyo ndivyo nilivyopata nilichokuwa nakitaka. Tamari ana hospitali yake mlangoni, hakuna wa kuturudisha Lundo. Nilikwenda uani nikiwa na habari njema mdomoni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, hana kazi mkononi. Hakuniacha niseme.

"Baba Grayson, ile mihogo uliiona ikiingia?"

"Niliiona."

"Ukajua ni ya Mama Yohana?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Mama, nilikuwa nakulinda wewe. Ningegusa tungehama. Ungekwenda kufia Lundo."

"Usinitaje mimi," akasema. Hakupandisha sauti, pumzi yenyewe ya kupandishia hakuwa nayo. "Mimi sikukutuma. Nilikaa na mtoto yule nikachambua naye maharage."

Jioni nilimpikia uji wa ulezi, mwepesi, bila chumvi kama daktari alivyoagiza. Aliutazama, akausogeza pembeni. Nikadhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake nikamkuta anakokota kigoda kwenda kwenye mafiga, anapumzika, anakokota tena. Alijiwashia moto. Alijichemshia viazi viwili, kazi ya dakika chache ikamchukua asubuhi nzima. Nikamwomba, nikapiga magoti, mimi mwanamume. Akaniambia, "Sina hasira na wewe. Mkono wenyewe hauendi. Nikishika tonge lako naona midomo ya yule binti."

Na hakuwa mtu wa kununa, msije mkafikiri hivyo. Tulizungumza, tulicheka, tulikwenda kanisani pamoja nimemshika kiwiko. Aliponishonea kifungo alikata uzi kwa meno kama zamani. Chakula changu tu. Nilipika kila siku nikaweka mbele yake, na kila siku alisema asante akakisogeza kwa majirani. Tulikaa kwenye chumba kile miaka minne, na dawa zikamsaidia kweli, hilo sitalificha. Ile miaka minne niliinunua kwa kunyamaza, na yeye aliijua bei yake kila alipokokota kile kigoda.

Kwa hiyo ninyi wa upande wa huduma, msinipigie domo kuhusu vyeti. Jifunzeni kwanza kusema. Mgeni awe na dharau, awe mlevi, akusomeshe kibao mbele ya mkeo, wewe sema. Mseme kwa kelele, akufukuze, lakini awe amesikia. Mimi niliyejua kusema nilifundishwa na Mzee Amosi mbele ya meli nzima, na bado siku ilipofika nikashika ufagio.

Tamari alifariki alfajiri moja ya Jumanne, hospitalini. Msibani nikakataa mtu mwingine asishike mwiko. Nilipika wali, nilipika maharage, wavuvi wakaleta mbasa, nikawaandaa mmoja mmoja nikianzia mashavuni. Walikula watu wa Liuli, wakala wa Lundo, Tajiri naye akala akaongeza. Nikawasikia wanasema huyu mzee mkono wake bado upo. Walikula wote, wakashiba, wakanishukuru, na yule niliyetaka ale alikuwa amelala chumbani, amefunikwa shuka jeupe.